Michongo ya Kibuddha ya Chilas: mbona picha moja inaonyesha kila kitu na nyingine jiwe tupu?

Mwalimu wa Zamu (Tabora)

Habarini wakuu. Klabu ya historia ya shule inaandaa mbao sita za maonyesho kuhusu michongo ya Kibuddha iliyo kwenye miamba ya bonde la juu la mto Indus, kaskazini mwa Pakistani: Chilas, Thalpan, Shatial na jirani zake. Bonde hilo lilikuwa njia panda ya misafara, na mtoto wa Tabora habari za njia panda ya misafara haelezwi mara mbili. Tumekwama sehemu nne.

Tuna picha mbili za jiwe lilelile. Moja inaonyesha stupa (jengo takatifu la Kibuddha lenye kuba) na watu wawili wameinama, nyingine inaonyesha jiwe tupu linalong'aa. Tatizo ni kamera au ni nini?

Kuna michongo myeupe kama ya jana na kuna iliyoiva rangi hadi inakaribia kufanana na jiwe. Je, myeupe ndiyo mipya siku zote?

Wanafunzi wakiona stupa wanasema ni roketi. Inasomwaje?

La mwisho ni la vitendo. Kuna jabali la itale lililolala, lina mabao mawili ya kuchonga na mistari hafifu pembeni, eneo lote kama mita 2 kwa 1.2. Tunataka wanafunzi walirekodi kama wanavyofanya wataalamu wa huko Indus. Tuna kamera ya pikseli milioni 24 yenye sensa ndogo na lenzi ya milimita 35, stendi, flashi moja na simu. Mjumbe mmoja anashauri tujaze chaki kwenye mistari ili ionekane. Naomba mwongozo.

Lenzi35 (Kigoma)

Mwalimu, chaki iache ubaoni. Nitaeleza sababu, ila nianze na maswali yako mawili ya kwanza kwa sababu kwangu ni swali moja.

Kabla hujashika kamera jiulize: mchongo huu unaonekana kwa rangi au kwa kina? Miamba ya Chilas imevaa utando mweusi wa kahawia unaong'aa, mchanganyiko wa udongo laini na oksidi za chuma na manganizi, mwembamba kama karatasi au chini ya hapo. Mchongaji hakuchimba sana. Alidonoa kwa jiwe gumu, baadaye kwa chuma, nukta baada ya nukta, mpaka utando ukatoka na jiwe jeupe la ndani likajitokeza. Kwa hiyo kinachokuonyesha stupa pale ni tofauti ya rangi, kina chake ni kidogo sana. Jua kali likipiga utando ule kutoka upande unaoelekea kwenye lenzi, unarudisha mwanga kama kioo, weusi unageuka mweupe, na mchongo mweupe juu ya jiwe lililogeuka jeupe hauonekani. Hiyo ndiyo picha yako ya pili. Kamera haina kosa. Aliyepiga angehama hatua mbili pembeni, au angekinga jua kwa turubai, stupa ingerudi. Kichujio cha kuondoa mng'ao nacho kinasaidia, ila kizungushe mpaka uone weusi unarudi, usikifunge tu ukadhani kazi imeisha.

Mabao yako ya itale ni kinyume chake. Hapo hakuna utando wa kutobolewa, rangi ya shimo na ya jiwe ni ileile, kwa hiyo unahitaji kivuli. Mwanga uje umelala. Jiwe lililolala, Tabora, piga saa moja na nusu asubuhi jua likiwa nyuzi kumi na kitu juu ya upeo, au jioni kabla ya magharibi. Saa sita mchana shimo la bao lenye kina cha sentimita mbili linaonekana kama doa.

Lingekuwa ukuta uliosimama, hesabu ingebadilika: kwenye latitudo yetu jua hupita karibu kabisa na utosi, hasa mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na likifika huko, karibu saa saba mchana, linashuka sambamba na ukuta na kuonyesha kila mkwaruzo. Chilas iko nyuzi 35 kaskazini, jua la huko haliji utosini hata siku moja. Ndiyo maana saa nzuri za kupiga wanazoandika watu waliofanya kazi kule usizichukue kama zilivyo.

Sasa rangi na umri. Ndiyo, utando hurudi polepole juu ya sehemu iliyodonolewa, kwa karne nyingi, na mchongo wa kale sana unaweza kulingana na jiwe. Lakini kasi hailingani. Jiwe linaloguswa na mafuriko ya Indus, jiwe linalosuguliwa na mchanga wa upepo na jiwe lililo kwenye kivuli cha genge huiva kila moja kwa mwendo wake. Linganisha rangi ndani ya uso mmoja wa jiwe tu. Ukisema stupa ya jiwe hili ni changa kuliko mbuzi wa jiwe lile kwa sababu ni nyeupe zaidi, umepotea. Ndani ya uso mmoja kuna ushahidi mzuri kuliko rangi: angalia nukta za mchongo upi zimekata nukta za mwenzake. Aliyekata ndiye aliyekuja nyuma.

Na chaki. Inaingia kwenye vinyweleo vya jiwe na haitoki yote, hata kwa brashi. Atakayekuja kupima kemia ya uso ule atapima chokaa yako. Baya zaidi, chaki inachora anachoamini mwenye chaki: mstari wa asili wa ufa unakuwa mkono wa mtu, na kuanzia hapo kila picha inaonyesha mkono. Maji nayo usimwage. Yanang'arisha kwa dakika tano na yanaacha chumvi.

Binti Ujiji

Nichukue la stupa. Waambie wanafunzi waisome kutoka chini kwenda juu kama wanavyosoma nyumba inavyojengwa. Chini kuna jukwaa, mara nyingi la ngazi mbili tatu, wakati mwingine na ngazi ya kupandia katikati. Juu yake kuba. Juu ya kuba kisanduku cha mraba. Kutoka kwenye kisanduku mlingoti wenye miavuli iliyopangana, na huenda pembeni bendera zinapepea. Jengo lenyewe huhifadhi masalia matakatifu, na mtu hulizunguka akiwa amelielekezea mkono wa kulia. Kuchora stupa kwenye jiwe kulihesabiwa kuwa tendo jema kama kujenga stupa yenyewe, na ndiyo maana ziko nyingi hivyo mahali ambapo pengine hapakuwa na jengo hata moja.

Umbo lenyewe linasaidia kukadiria wakati. Zile za eneo la Chilas II, pamoja na maandishi ya Kikharosthi, mwandiko wa kale wa kaskazini-magharibi mwa bara Hindi, ni za mwanzo, karibu karne ya 1 BK: kuba pana lililotulia kama chungu kilichofunikwa, na pembeni waumini wanaosujudu au wanaobeba chetezo. Za karne ya 5 hadi ya 8 zinakua kwenda juu, jukwaa juu ya jukwaa, miavuli mingi, kuba linabaki kiuno tu. Hizo ndizo roketi zenu.

Maandishi ndiyo saa nzuri zaidi ya kuhesabia. Bonde lote, takriban kilomita 100 kati ya Shatial na daraja la Raikot, lina michongo zaidi ya 50,000 na maandishi zaidi ya 5,000. Kikharosthi, kinachosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kinatoweka huko mapema, kisha Kibrahmi, mwandiko mwingine wa kale wa Kihindi, kinatawala. Kuna Kisogdia, Kibaktria, Kichina, Kitibeti, hata Kiebrania kidogo. Ukiona jina la mtu limeungana na picha ya Buddha, mara nyingi limetanguliwa na maneno devadharmo yam, yaani hii ni sadaka ya fulani. Mmoja wa watoaji hao ni Kuberavahana, aliyegharimia michongo mizuri ya Chilas na Thalpan. Kwa hiyo mara nyingi mwenye jina si mchongaji, ni aliyelipa. Usiandike kwenye ubao kwamba "Kuberavahana alichonga".

Kwa Tabora nisingeacha Shatial. Maandishi ya Kisogdia yako kwa mamia pale, halafu ukipanda na mto yanakuwa haba sana. Wasogdia walikuwa wachuuzi wa Asia ya Kati, wenyeji wa pande za Samarkand. Kwa maoni yangu pale ndipo mizigo ilipobadilishana mikono, wao wakigeuka na Wahindi wakiendelea, kama Unyanyembe ilivyokuwa kituo cha kupumua kati ya pwani na Ujiji. Wengi waliandika jina lao na la baba tu. Mmoja, Nanai-vandak mwana wa Narisaf, aliandika zaidi: ameomba kwa mzimu wa mahali patakatifu afike haraka Kharvandan, ambayo wasomi wanailinganisha na Tashkurgan ya leo ng'ambo ya milima, na amkute ndugu yake mzima. Si Mbuddha huyo kwa maneno yake, na jiwe lake liko jirani na stupa. Hilo litawafundisha wanafunzi kuliko ramani.

Mwalimu wa Zamu (Tabora)

Asanteni sana, Lenzi35 na Binti Ujiji. Chaki imekufa rasmi. Swali: tulijaribu kutengeneza modeli ya pande tatu ya jabali kwa picha 14 za simu. Ikatoka imepinda kama ungo, na mahali pengine ina matundu. Jiwe ni bapa kabisa. Tulikosea wapi?

Lenzi35 (Kigoma)

Kumi na nne ni chache, na mapindo ya ungo yana sababu yake.

Anza na udogo wa unachotaka kuona. Alama ya donoo moja ina upana wa milimita chache. Ili ionekane kama kitu na siyo vumbi, pikseli moja isizidi milimita 0.3 za jiwe, lenga 0.2. Kamera yako ina pikseli 6000 kwa 4000, kwa hiyo fremu moja ibebe mita 1.2 kwa 0.8. Kwa lenzi ya 35 na sensa ndogo hiyo, umbali ni mita 1.8 kutoka kwenye jiwe. Simu ya pikseli milioni 12 ibebe sentimita 80 tu.

Picha zipandane kwa asilimia 75 ukienda mbele na 60 kati ya mstari na mstari. Maana yake unasogea sentimita 30 kila picha, na mstari unaofuata uko sentimita 32 pembeni. Eneo la mita 2 kwa 1.2, ukiongeza picha moja nje ya kila ukingo, ni picha 6 kwa mistari 5: thelathini. Kamera ifungwe kwenye ufito imara ielekee chini, mtu asimame nje ya eneo lenye michongo, mnyooshe ufito kutoka upande huu kisha upande ule. Kupiga kwa saa ya kamera ya sekunde mbili kunatosha, ila subirini ufito utulie.

Sasa ungo. Ukipiga picha zote zikiwa zimetazama chini sambamba, programu haiwezi kutofautisha kati ya jiwe lililopinda kidogo na lenzi inayopindisha kidogo. Inachagua yoyote, na makosa madogo yanajumlishana hadi katikati inavimba au inabonyea. Dawa ni picha 12 hadi 15 za ziada kamera ikiwa imeinama nyuzi 15 hadi 20 kutoka pande zote nne, na nne tano kamera ikiwa imegeuzwa wima. Hizo zinaifunga lenzi isiweze kudanganya. Jumla unakuwa na kama 46 hadi 50.

Matundu yametokana na simu. Simu nyingi zinabadilisha lenzi zenyewe ukikaribia kitu, zinachanganya picha tatu kuwa moja, zinalainisha. Kwa programu hiyo ni kama kamera tatu tofauti zisizofahamiana. Kama lazima utumie simu, zima uchanganyaji huo, funga kwenye lenzi moja, funga fokasi na mwanga. Kwenye kamera: f/8, ISO 100 au 200, fokasi ya mkono, usiguse tena mpaka umalize, hifadhi faili ghafi. Kwa modeli piga siku ya mawingu au chini ya kivuli cha turubai kubwa linalofunika eneo lote. Nusu jua nusu kivuli ni sumu, kwa sababu kivuli kinatembea wakati mnapiga na programu inakichukua kama sehemu ya jiwe. Huu si mkanganyiko na nilichosema juu: mwanga uliolala ni wa picha ya kutazama, mwanga mtulivu ni wa modeli. Mnapiga mara mbili.

Wekeni rula mbili za sentimita 50 pembeni ya michongo, siyo juu yake. Moja itumike kuipa modeli ukubwa, ya pili ipimwe ndani ya modeli bila kuiambia programu. Ikitofautiana kwa zaidi ya milimita 1, rudieni. Programu ya Meshroom ni ya bure lakini inadai kompyuta yenye kadi ya NVIDIA. Metashape ni ya kulipia na haichagui sana.

Ile mistari hafifu modeli itaimeza. Hiyo itakieni picha za taa inayohama, zinazoitwa RTI. Kamera imesimama kwenye stendi haisogei hata unywele, flashi ndiyo inayohama. Chagueni kipande cha sentimita 60. Usiku, bila mbalamwezi. Mtu mmoja anashika flashi, mwingine anashika kamba ya mita 2 kutoka katikati ya kipande ili umbali wa taa usibadilike, na kamba inaondolewa kabla ya kila picha. Fikirieni uso wa saa ya ukutani: kwenye kila namba kati ya zile 12 pigeni mara nne, taa ikiwa nyuzi 15, 30, 45 na 60. Jumla picha 48. Ndani ya fremu, nje ya mistari, kuwe na tufe mbili nyeusi zinazong'aa, maana programu inajua taa ilikuwa wapi kwa kutazama nukta ya mwanga juu ya tufe. Gololi za watoto ni ndogo mno, tufe liwe na pikseli 250 kwenda juu, yaani sentimita 3 angalau kwa fremu hiyo. Mpira mweusi wa meza ya pool unafaa kabisa. Namba 8 huwa pande mbili zinazotazamana, kwa hiyo zielekezwe pembeni, zisitazame juu. Programu ya RTIBuilder ni ya bure. Mkimaliza mnaweza kuisogeza taa kwa kipanya kwenye skrini, na mkwaruzo usioonekana mchana unajitokeza.

Mpasua Kokoto Mstaafu (Tabora)

Lenzi35 kasema sawa, ila RTI kwa watoto wa shule usiku porini ni kutafuta nyoka. Fungeni turubai jeusi mchana, mpige chini yake. Giza la kutosha linapatikana.

Ninachotaka kuongeza ni itale lenyewe. Linabanduka kwa matabaka kama kitunguu. Jua la mchana linatanua uso, usiku unapoa, tabaka la juu linaachana na la chini. Gongeni taratibu kwa kidole pembeni ya mabao, msigonge kwa nyundo. Sauti ikiwa kama ya mtungi mtupu, tabaka limeachia, na mtu asikanyage wala kuweka stendi hapo. Mguu wa stendi uwe na mpira au kitambaa kila mahali. Koga la kijivu na la chungwa msilikwangue, linaondoka na chembe za jiwe. Majani makavu yafagiliwe kwa brashi laini ya rangi, basi.

Moto ni adui kuliko mvua. Pembezoni mwa mji kuna wanaochoma matairi juu ya jabali ili lipasuke, wapate kokoto, na mkulima akichoma shamba lililogusa jiwe matokeo ni yaleyale. Fyekeni nyasi upana wa mita tatu kuzunguka jiwe mapema, kabla ya kiangazi kukaza.

Na tafadhali, mahali halisi msipaweke mtandaoni. Tabora ndiko Mjerumani alikotengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 mwaka 1916, kwenye karakana ya reli, na tangu hapo kila alama juu ya jiwe ni ramani ya hazina ya Mjerumani. Weka picha yenye alama ya mahali leo, baada ya wiki mtakuta shimo la mita mbili chini ya bao. Simu huandika mahali ndani ya picha bila kukuuliza, kwa hiyo zimeni hicho kitu kwanza. Nenda pia kwa mtendaji wa kijiji na afisa utamaduni wa wilaya mapema. Kilichochongwa kabla ya mwaka 1863 kinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kupiga picha siyo ruhusa ya kuchimba au kuchukua ukungu, yaani kubandika mpira juu ya mchongo ili kupata nakala ya umbo lake.

Jirani wa Stesheni (Kigoma)

Samahani kuingilia. Huku kwenye ukungu ndipo ninapouliza. Mbona zile sanamu za Buddha zilizolipuliwa, kama za Bamiyan, hawazitengenezi tena? Wana picha, wana leza, wana mashine. Na mbona za Bamiyan zinatajwa miaka kamili wakati za Chilas tunaambiwa "karne ya 5 hadi ya 8"?

Binti Ujiji

La pili kwanza, ni fupi. Jiwe halipimiki kwa kaboni. Sanamu za Bamiyan, Afghanistan, moja mita 55 na nyingine 38, zilichongwa umbo la jumla tu kwenye mwamba wa kokoto zilizogandamana, kisha zikapigwa lipu ya udongo na majani makavu. Mikunjo ya vazi ilifinyangwa juu ya kamba zilizoshikwa na vigingi vya mti. Majani, kamba na mti vilikuwa hai zamani, kwa hiyo vina kaboni: ndogo ikaangukia kati ya mwaka 544 na 595, kubwa kati ya 591 na 644. Chilas mchongaji hakuacha unyasi. Unabaki na mwandiko, umbo na nani kakata nani.

Kutengeneza upya kuna ugumu wa aina mbili. Bamiyan, baada ya Wataliban kuzilipua Machi 2001, ile lipu na nyuso za mwamba ziligeuka kifusi. Ukizisimamisha leo, sehemu kubwa itakuwa vifaa vipya vyenye vipande vya zamani vilivyopachikwa. Wanaofuata kanuni za uhifadhi za Venice za 1964 wanasema kusimamisha vipande halisi mahali pake sawa, kubuni hapana. Zile modeli zinazoonekana mtandaoni zilijengwa na wataalamu wa chuo kikuu cha ETH Zürich, Uswisi, kwa picha zilizopigwa mwaka 1970 kwa kamera ya vipimo. Bila picha hizo za zamani wasingekuwa na kitu.

Jahanabad, kwenye bonde la Swat kaskazini mwa Pakistani, ni kesi tofauti. Buddha aliyekaa, kama mita sita hadi saba, karne ya 7, amechongwa juu kwenye mwamba. Septemba 2007 Wataliban walitoboa matundu usoni na mabegani, wakajaza baruti. Ya usoni ikalipuka, ya mabegani ikagoma. Timu ya Italia iliyokuwa ikifanya kazi Swat tangu miaka ya 1950 ilianza ukarabati 2012, ikapima kwa leza, ikaziba nyufa ili maji yasiingie, kisha uso ukarudishwa kidogokidogo hadi 2016 kwa kutumia picha za zamani. Hawakuurudisha kwa asilimia mia. Picha za awali hazikuonyesha kila kipimo, na walipokosa kipimo walisimama. Ukiangalia kwa karibu jeraha bado linasomeka, na walikusudia hivyo.

Ukungu wa mpira, jirani, ungeng'oa utando wa Chilas pamoja nao. Utando umekaa juu ya jiwe, haujawa jiwe.

Mwalimu wa Zamu (Tabora)

Nimeelewa. La mwisho, tuna nafasi ya mawe matano kwenye mbao, wa sita ni jabali letu. Mngeweka yapi?

Binti Ujiji

Shatial, jiwe namba 34: stupa katikati, na pembeni Mfalme Shibi wa visa vya Kibuddha anayetoa nyama ya mwili wake ili kumwokoa njiwa asiliwe na mwewe. Tafuteni mizani kwenye picha. Ukishaiona kisa chote kinafunguka. Kisha stupa za mwanzo za Chilas II. Kisha kazi moja ya Kuberavahana kutoka Thalpan, ng'ambo ya mto.

Kargah, kama kilomita 10 kutoka Gilgit, Buddha wa karibu mita tatu aliyesimama, mkono wa kulia umeinuliwa kuondoa hofu. Huyo ni mchongo wa kina, siyo wa rangi, kwa hiyo uwekeni karibu na jabali lenu ili somo la Lenzi35 lionekane bila maneno. Wenyeji humsimulia kama zimwi jike lililokuwa likila watu, likapigiliwa ukutani na mganga. Kisa hicho kiandikeni pia, watoto watakikumbuka kuliko karne.

La tano Manthal, nje ya Skardu: Buddha katikati, wadogo 20 wamemzunguka kwa mraba, na Maitreya wawili wamesimama kila upande. Maitreya ndiye Buddha ajaye, na alama yake ya kawaida ni kichupa cha maji mkononi. Maandishi ya Kitibeti ya hapo yanawahimiza waumini wahuishe rangi na wasafishe mahali pa sadaka, maana yake jiwe lile halikuwa la kijivu kama mnavyoliona. Lilipakwa.

Lenzi35 (Kigoma)

Chagueni picha za Chilas na Thalpan zenye rula na namba ya jiwe. Bwawa la Diamer-Bhasha likijaa, maelfu kwa maelfu ya michongo hiyo itakuwa chini ya maji, na kumbukumbu kubwa itakuwa kazi iliyoanzishwa 1980 na Karl Jettmar na Ahmad Hasan Dani, ikaendelezwa na Chuo cha Sayansi cha Heidelberg. Picha isiyo na namba haiunganishiki na kumbukumbu hizo.

Binti Ujiji

Na kwenye maelezo ya chini ya picha, "Chilas II" ni jina la eneo la mawe, siyo mfalme wa pili wala karne ya pili. Wanafunzi wataisoma hivyo msipoandika.